Rangi ya kinga: geti la pwani, mabati mapya na ukuta wa chokaa

Geti langu liko Kigamboni, bahari naisikia nikiwa kitandani. Kila nikilipaka rangi, mwaka haupiti kutu imerudi. Ninunue rangi gani?

Kabla ya rangi, maji ya bomba. Upepo wa bahari huacha chumvi juu ya chuma na kwenye vishimo vya kutu, na kwa macho huioni. Ukiifunika, inavuta unyevu kupitia rangi mpaka malengelenge yanatokea. Toboa moja uone: ndani kuna maji. Kwa hiyo osha kwa maji na sabuni, suuza sana, acha ikauke, ndipo uanze na msasa au grinda. Ukianza na msasa unaisugua chumvi iingie ndani. Ukimaliza kukwangua, suuza tena na ukaushe haraka. Kama mfuko unaruhusu, lipeleke kwa wanaosafisha kwa kupiga mchanga. Hakuna brashi ya waya inayowafikia.

Praima, yaani rangi ya kwanza ya msingi, ipakwe siku hiyo hiyo, chuma kisilale wazi. Usipake alfajiri wala magharibi, kwa sababu umande hushika chuma kabla hujauona. Wataalamu wanataka uso wa chuma uwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kutua. Kwa fundi wa mtaani, maana yake subiri jua likaushe vizuri.

Kwa mahali pako mpango wangu ni huu: praima ya epoksi (rangi ngumu ya makopo mawili) yenye zinki, juu yake epoksi, mwisho poliurethani, rangi ya juu inayovumilia jua. Praima ya zinki inataka chuma kitupu. Kama kutu haikuisha, chukua epoksi inayovumilia uso uliosafishwa kwa mkono. Dukani omba karatasi ya maelezo ya rangi, utafute ISO 12944, kiwango cha kimataifa cha rangi za kukinga chuma na kutu. Kiwango hicho hupanga mazingira kuanzia C1 na kupanda, na ufukwe wenye chumvi nyingi huwekwa C5. Rangi iliyokaa miaka kwenye geti la Dodoma haijathibitisha chochote kwako.

Kingo na mishono ya kuchomelea zipitie kwanza kwa brashi, peke yake, kwa sababu rangi inapokauka hujivuta ikaiacha kingo na utando mwembamba. Halafu inama uangalie chini ya geti. Zile bomba za mraba zikiwa na uwazi juu na zimezibwa chini, maji yanakaa humo na chuma kinaoza kutokea ndani. Hapo hata rangi ya meli haikusaidii. Ziba juu, toboa tundu la kutolea maji chini.

Nilipaka rangi ya mafuta kwenye mabati mapya hapa Machakos. Sasa inabanduka vipande vizima, na bati chini yake linang'aa kama lilivyotoka dukani. Niliuziwa rangi feki?

Huenda rangi ilikuwa halali kabisa. Zinki iliyoko kwenye bati hupambana na mafuta ya rangi hiyo, na kati yao inajitengeneza tabaka kama sabuni. Rangi inakosa pa kushika. Kwangua yote inayolegea, osha mafuta ya kiwandani yaliyobaki, kisha tumia praima iliyoandikwa kuwa ni ya mabati ya zinki, au rangi ya akriliki ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya paa. Ila kama hukuwa unatafuta urembo, mabati mapya huku bara yangeweza kukaa miaka bila rangi. Zinki yenyewe ndiyo kinga.

Nyumba ya familia iko Mji Mkongwe, Unguja. Tulipiga plasta ya saruji na rangi ya plastiki. Sasa chini ukuta unatoa unga mweupe na rangi inavimba hadi kiunoni. Fundi anataka tununue rangi ya kuzuia maji.

Dada, msinunue. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unanyonya maji ya ardhini na kuyatoa kupitia uso wake. Unga huo ni chumvi inayobaki maji yakikauka. Mkiufunga kwa rangi nzito, maji hayaishi. Yatapanda yatafute pa kutokea, na kiuno kitakuwa kifua.

Anzeni na mabomba ya paa, mtaro na choo kinachovuja, maana mara nyingi chanzo kiko hapo. Kisha bandueni saruji. Unga ufagiliwe ukiwa mkavu, msiumwagie maji, yataurudisha ndani. Acheni ukuta upumue miezi kadhaa, ndipo mpige plasta ya chokaa na kupaka chokaa. Itataka kurudiwa kila baada ya muda, nalijua hilo. Ndoo ya chokaa ni nafuu kuliko kubomoa plasta kila baada ya masika.

Sakafu ya baraza Tanga, epoksi imekuwa kama imepakwa chaki.

Hiyo ni kazi ya jua. Epoksi hushika vizuri lakini haivumilii miale yake. Safisha, piga msasa, weka poliurethani juu.

Fundi wangu anachanganya rangi ya makopo mawili kwa kukadiria. Ni sawa?

Si sawa. Kopo la pili ndilo linaloigandisha rangi. Likipungua inabaki na ulaini, likizidi haina maana itakauka upesi zaidi, inaharibika. Pimeni kama kopo linavyosema, na mchanganye kidogo kidogo, kwa kuwa joto letu hufupisha muda wa kuitumia.

Ndani ya tangi la chuma la maji ya kunywa, nipake lami?

Hapana, wala rangi ya nyumba. Tafuta epoksi isiyo na thina, iliyoidhinishwa kwa maji ya kunywa, uiache ikomae siku zote zilizoandikwa, kisha usuuze kabla ya kujaza. Na fundi asiingie peke yake. Ndani ya tangi hewa huisha na mvuke huangusha mtu bila onyo: iwepo feni ya kusukuma hewa, na mtu nje mwenye kamba iliyofungwa kwa aliyeko ndani. Akianguka, wa nje avute kamba na kuita msaada, asiruke ndani.