Sheria ya mtandao: usiiogope tu, itumie

Hapa Tanga ukitaja sheria ya mtandao, wengi huwaza kukamatwa. Siwalaumu. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinataja faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili, kwa anayechapisha uongo kwa makusudi. Kwenye kundi letu la WhatsApp la mtaa, mtu akigusia habari za halmashauri, kimya kinatanda.

Ila kuna sheria nyingine ambayo wachache huitaja: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Hiyo ndiyo iliyonifaa.

Saluni moja ya Ngamiani ilimpiga picha binti wa dada yangu akisukwa, ikaigeuza tangazo Instagram bila kumuuliza. Dada akasema, "Kaka, yaache, tunaishi nao." Sikuyaacha. Kwanza tulihifadhi picha ya skrini yenye jina la ukurasa na tarehe, maana tangazo likifutwa na ushahidi umekwenda. Ndipo nikamwandikia mwenye saluni: "Shikamoo mama. Picha ya binti yetu imetumika bila ridhaa yake, tunaomba iondolewe." Nikaitaja sheria kwa jina lake kamili. Matusi hapana, ukitukana unajigeuza mshtakiwa. Picha ikatoka jioni ile ile, na mama yule akaomba radhi. Angegoma, ningeiripoti Instagram na kupeleka malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kwangu mimi, hapo ndipo pa kuipimia serikali inayodhibiti mitandao: mtumiaji aliyeguswa ana pa kwenda? Umoja wa Ulaya, kwa Sheria yake ya Huduma za Kidijitali, unazilazimisha kampuni kumweleza mtu kwa nini chapisho lake limeondolewa, na kumpa njia ya kulalamika bila malipo. Kwetu, mtandao wa X (zamani Twitter) ulipozuiwa Mei 2025, serikali ilitaja picha za ngono. Sawa, lakini aliyekuwa akiuza vitenge vyake humo afanyeje? (Mie nilisikia ushauri mmoja tu: hamia kwingine.)

Na ukiwa wewe ndiye mwenye duka, omba ruhusa ya picha kwa ujumbe kabla hujairusha, na jibu la mteja usilifute. Akiwa mtoto, muulize mzazi.