Kabla ya kuandika malaria, shika shingo

Wadogo zetu mnaoanza kazi katika vituo vya afya vya Kadutu, Bagira na Ibanda hapa Bukavu, inflamesheni ya tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, ni rahisi kuikosa kwa sababu dalili zake ni zilezile mnazoziona kila siku. Mama ana homa, moyo unamwenda mbio, maumivu yanatoka shingoni na kupanda hadi taya na sikio. Anapewa dawa ya malaria, kisha ya tifoidi, kisha amoksisilini ya koo. Wiki zinapita na shingo bado inauma.

Simama nyuma ya mgonjwa, weka vidole chini kidogo ya kikoromeo, mpe maji ameze. Tezi hupanda anapomeza. Ikiwa ni ngumu na hataki uiguse, muulize kama alishikwa na mafua wiki chache kabla. Omba VS (kasi ya chembe nyekundu za damu kutua, inayopanda kukiwa na inflamesheni), mara nyingi inapita 50. Ngozi ikiwa nyekundu na kumeza kumekuwa shida, huenda ni usaha: mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Hapa ndipo wengi hukosea. TSH, homoni ya ubongo inayoiamuru tezi na kushuka homoni za tezi zikizidi katika damu, inarudi chini sana; mtu anaandika karbimazoli, dawa ya kuzuia tezi kutengeneza homoni. Lakini tezi hiyo haitengenezi homoni kupita kiasi. Imejeruhiwa, na akiba yake inavujia kwenye damu. Karbimazoli haizuii kuvuja. Kinachosaidia ni ibuprofeni 400 mg mara tatu kwa siku baada ya chakula, na propranololi kwa moyo, ukishauliza kwanza kuhusu pumu. Maumivu yasipopungua kwa siku chache, daktari ataanzisha prednisoloni na kuipunguza polepole; ikikatwa mapema, maumivu hurudi.

Akiba ikiisha, mambo yanageuka: baridi, uchovu, choo kigumu, mapigo ya polepole. Kwa hiyo rudia TSH baada ya wiki 6 hadi 8, hata kama mgonjwa anasema amepona. Wengi hurudi sawa.

Mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, tezi inaweza kuvimba bila maumivu yoyote. Uchovu wa mzazi msiuweke wote kwenye upungufu wa damu au huzuni. Ugonjwa wa Hashimoto, ulioelezwa na daktari Mjapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912, nao hauumi; kinga ya mwili huila tezi taratibu, na wengi huhitaji levothairoksini, kidonge cha homoni ya tezi, maisha yote.

Si kila shingo nene ni inflamesheni, bila shaka. Kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, kilijulikana kwa rovu la upungufu wa iodini, likizidishwa na muhogo usiolowekwa vya kutosha.

Levothairoksini humezwa asubuhi kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Vidonge vya madini ya chuma, ambavyo kina mama wetu wengi huvinywa, vikae mbali nayo kwa muda wa saa nne. Dozi isipandishwe kabla hamjauliza jambo hilo.