Usikate Tiketi Siku Uliyolia

Aprili 2022 nilikuwa hosteli ya chuo Shanghai, mwaka wa tatu wa shahada ya uzamivu (PhD), geti limefungwa kwa sababu ya korona. Tuliambiwa ni siku chache. Upande wetu, magharibi ya Mto Huangpu, ulifungwa Aprili 1 ukafunguliwa Juni 1. Hesabu mwenyewe.

Alfajiri kipaza sauti kinaamsha jengo zima, mnashuka kupanga foleni ya kupimwa kooni. Kuoga kwa zamu. Chakula kinaletwa kwenye maboksi: kabichi, karoti, kesho kabichi tena. Mimi mtoto wa Uyole, Mbeya, nilifika mahali naota harufu ya maharage. Siku ya kumi na tisa nililia, nikashika simu kutafuta ndege. Tiketi ilizidi posho yangu ya miezi minne. Sikununua kwa kukosa hela, wala si busara. Ule ufukara naushukuru mpaka leo.

Maana kuondoka wakati ule hakukuwa safari ya kwenda na kurudi. Tangu Machi 28, 2020 China ilikuwa imewazuia wageni kuingia, hata wenye vibali. Wenzetu waliokwenda likizo Januari mwaka ule walikuwa bado wanasomea kwenye simu, makwao.

Juni 1 watu walimiminika barabarani, wengine wanacheza. Mimi nikabaki chumbani. Nikasema ni uchovu. Wiki ya pili bado silali, chakula hakipiti, na hata kuingia dukani unadaiwa kipimo kisichozidi saa 72. Basi ukiwa unafikiria kuondoka, jiulize hili: kesho wakifungua kila kitu, bado utataka kwenda? Kama hapana, vumilia kwanza. Mimi jibu langu lilikuwa ndiyo, na nililipata geti likiwa wazi.

Nikampigia mama. Baada ya shikamoo sikujua nianzie wapi. Akasema, "Rudi, mwanangu. Ila rudi na makaratasi yako."

Hapo mama alinizidi elimu. Chukua matokeo yenye mhuri, barua ya udahili, na barua ya msimamizi inayokuruhusu kuandika tasnifu ukiwa mbali. TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, watakapotakiwa kuitambua shahada yako, hawatasikiliza hadithi ya kabichi. Laini ya simu ya kule usiiache ife, maana benki na WeChat, programu ya simu ya ujumbe na malipo, vyote vimeunganishwa na namba hiyo. Mimi yangu ilikufa na vijisenti vyangu ndani. Na kibali cha ukaazi kihuishe hata kama umeichukia nchi. Changu kilikuwa kinaisha mwisho wa Julai. Nikakiacha, kwa hasira tu.

Nilitua Mbeya baridi ikiwa kali. Kikao cha saa mbili asubuhi Shanghai huku ni saa tisa usiku, kwa hiyo nilizoea kujadili tasnifu nimejifunika blanketi, naomba umeme usikatike. Majirani watakuuliza, "Umemaliza?" Jibu "namalizia," kisha uliza habari za shamba.

Kuanzia Agosti 24 China ikaruhusu wanafunzi wenye vibali hai vya ukaazi kuingia. Nilisoma habari ile sokoni Mwanjelwa, mama anachagua viazi, mimi nimeshika mfuko. Sikumwambia mpaka jioni. Aliendelea kumenya, kisha akauliza nauli ni shilingi ngapi.