Unapovuka mpaka kufundisha kilimo cha jangwani, tanguliza sababu kabla ya vipimo

Katika kazi ya kuandaa ziara za mafunzo baina ya wakulima wa nchi kame, jambo linaloniumiza zaidi ni kuona ujuzi mzuri ukifika upande wa pili wa mpaka ukiwa umebaki vipimo vitupu. Mkulima hurudi kwao akijua upana na kina cha shimo la kupandia, lakini hajui shimo hilo linafanya kazi gani ardhini. Hivyo udongo wake ukitofautiana na ule aliofundishiwa, hana pa kuanzia.

Zai inalionyesha jambo hili vizuri. Ni mashimo ya kupandia ya wakulima wa Yatenga, kaskazini mwa Burkina Faso. Yacouba Sawadogo, mkulima wa huko aliyetunukiwa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2018, aliyapanua mashimo hayo ya jadi na kuyatia samadi wakati wa kiangazi. Samadi huwavuta mchwa, mchwa hutoboa njia chini ya gamba gumu la udongo, na mvua inaponyesha maji huzama penye mizizi badala ya kutiririka. Aliyeuelewa mfuatano huo hatahangaika kuchimba zai kwenye mchanga mwepesi, ambako hakuna gamba la kuvunja na upepo hulifukia shimo upesi. Aliyekariri sentimita atachimba popote, kisha ataulaumu ufundi wenyewe.

Mwaka 1989 wakulima wa Illéla, nchini Niger, walipelekwa Yatenga kujionea. Nyumbani kwao walikuwa na mashimo ya namna hiyo, yaitwayo tassa, na waliporudi waliyaboresha, kisha majirani wakafuata. Naithamini sana ziara ile kwa sababu mkulima alijifunza kwa mkulima mwenzake. Mbele ya mtaalamu, mgeni huona haya kuuliza nani atachimba, samadi itabebwa na nini, na mifugo ya jirani itazuiwaje baada ya mavuno. Mbele ya mwenye jembe huyauliza yote, na mara nyingi hayo ndiyo yanayoamua kama ufundi utadumu.

Umwagiliaji wa matone unahitaji uangalifu zaidi, maana mipira ya maji na vichujio huweza kununuliwa na kutandazwa kwa siku chache, na kila mtu akadhani somo limekwisha. Katika nchi kame maji ya visima mara nyingi huwa na chumvi. Tone linapolowesha udongo, chumvi husukumwa hadi ukingoni mwa eneo lenye unyevu na kujikusanya hapo. Ikinyesha mvua ndogo, chumvi hiyo hurudishwa kwenye mizizi, na ndiyo maana mkulima mwenye ujuzi huendelea kumwagilia hata mvua inaponyesha, jambo ambalo mgeni asiyeelezwa sababu yake ataliona ni upotevu wa maji. Mfundishe pia kuongeza maji mara kwa mara ili kuisukuma chumvi chini ya mizizi, na uhakikishe kwamba maji hayo yana njia ya kutokea, kwani bila hiyo chumvi itapanda tena juu. Kwa maoni yangu, mafunzo yanayokabidhi mipira bila somo la chumvi ni afadhali yaahirishwe.

Kuhusu maandalizi, chagua maeneo yanayofanana kwa mvua na udongo, hata kama yako mbali, na tafuta mkalimani anayejua kilimo. Mbegu zisivushwe mifukoni; zipitie ukaguzi na zipate cheti cha afya ya mimea, kwa maana mdudu mmoja au gugu moja geni laweza kuwaletea wenyeji hasara ya miaka mingi. Na wanaopalilia na kuteka maji, ambao aghalabu ni wanawake, wawemo katika msafara tangu mwanzo.

Tenga pia fedha za safari ya kurudisha. Msimu unaofuata, mwenyeji aliyefundisha aende kwenye mashamba ya wanafunzi wake, aone walichobadilisha na awaulize kwa nini, kabla hamjaandaa kundi la pili.