Jibu: Bao linaanza na kete mkononi au zote ubaoni?

Salama mkuu. Umesema kijiwe chenu cha Ngarenaro kimegawanyika: wazee wanabakiza kete mkononi, vijana wanatandaza mbili mbili kila shimo, kisha ugomvi. Hakuna anayechakachua. Hiyo ni michezo miwili ndani ya ubao mmoja.

Angalia kwanza mstari wa mbele wa kila mchezaji. Kuna shimo la mraba? Hilo ni nyumba, na ubao huo umechongwa kwa bao la kiswahili: mashimo 32, kete 64, kila mtu 32. Weka 6 kwenye nyumba, halafu 2 na 2 kwenye mashimo mawili yanayofuata kulia kwake. Zile 22 zinabaki mkononi, unanamua, yaani unaziingiza ubaoni moja moja kila zamu, mpaka ziishe, ndipo mtaji uanze, yaani kucheza kwa kete zilizo ubaoni tu. Vijana, kwa kutandaza zote mbili mbili, wanacheza bao la kujifunza.

Huku Majengo, Moshi, anayeanza tunampa hilo la kujifunza, ila hatumwachi akae nalo sana. Utamu wenyewe uko kwenye kunamua, pale unapoamua nyumba ilale (ibaki na kete zake) au isafiri (kete zake zisambazwe), na mwenzako anakesha akiiwinda! Wape wazee ubao kwanza, vijana watazame mchezo mmoja mzima.