Kabla msaidizi wa akili mnemba hajakupangia mradi, mweleze mvua inanyesha lini

Wadogo zangu mnaoanza kazi za miradi hapa Dodoma, karibuni. Wengi wenu mmekuja mkiwa tayari na msaidizi wa akili mnemba kwenye simu, na siwakatazi. Hata mimi namtumia karibu kila siku. Nataka tu msipite nilikopita.

Mara ya kwanza nilimtumia kwenye mradi wa kuvuna maji ya mvua katika shule moja ya msingi wilayani Bahi. Nilimwandikia mstari mmoja: nipangie ujenzi wa tangi la lita 50,000 kwa miezi sita. Dakika haikuisha, nikapata jedwali safi lenye tarehe, gharama na wahusika. Nikalipeleka kijijini. Mwenyekiti akalisoma taratibu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, umeandika wananchi wachimbe msingi Januari. Januari nani yuko nyumbani?" Watu wote wanakuwa shambani, na lori la mchanga halipiti kwa tope. Ratiba ile ilihesabu vuli na masika kama za Pwani. Huku kwetu msimu ni mmoja, Desemba hivi hadi Aprili. Mimi sikumwambia msaidizi hilo, naye hakuuliza.

Tangu hapo nimejifunza kumwandikia stadi. Stadi ni faili la maandishi ya kawaida: juu unaweka jina na sentensi moja au mbili za kueleza itumike lini, chini unaweka maelekezo. Msaidizi akiona kazi inaendana na sentensi zile za juu, anaifungua stadi na kuifuata. Kwa hiyo usiandike "kusaidia miradi". Andika "tumia unapopanga ujenzi au maji vijijini Dodoma". Kama msaidizi wako hana nafasi ya stadi, bandika maandishi hayohayo mwanzoni mwa mazungumzo.

Ndani ya faili langu kuna mambo ya hapa: msimu wa mvua, miezi ya palizi na mavuno ambayo nguvu kazi haipatikani, na kwamba mwaka wa fedha wa halmashauri unafungwa Juni 30. Nimemwagiza aniulize maswali matano kabla ya kupanga chochote. Ila agizo linalonisaidia kuliko yote ni hili: tenganisha nilichokuambia na ulichokisia. Jaribuni hilo peke yake, mtashangaa ni tarehe na bei ngapi kwenye mpango mzuri alizokisia tu. Kila aliyoikisia, nampigia simu fundi au mtendaji wa kijiji.

Kuna zoezi jingine ambalo mwanasaikolojia Gary Klein alilieleza mwaka 2007. Kabla ya kuanza, mnachukulia kwamba mradi umeshakufa, kisha mnaeleza uliuawa na nini. Msaidizi analifanya vizuri, lakini lifanyeni kwanza na wenzenu, bila yeye. Mkianza na orodha yake, kila mtu atakubaliana nayo na kunyamaza.

Majina na namba za simu za wanakijiji msimpe. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, watu wale wametuamini.

Kwenye maamuzi, mwache msaidizi apige hesabu, kisha mbadilishie masharti. Paa la shule ile la mita za mraba 200, mvua ya milimita 550 kwa mwaka, ukiondoa sehemu ya tano inayopotea, unapata lita 88,000. Hesabu hiyo inafurahisha, ila ni ya mwaka wa kawaida. Nikamwambia apige ya mwaka wa ukame, milimita 350: lita 56,000. Hapo tukaona lita 50,000 zinatosha, na kujenga kubwa zaidi ni kupoteza saruji.

Likabaki swali: tangi moja au mawili ya lita 25,000? Yeye alipendekeza moja kwa sababu ya gharama. Sikulipitisha. Nililipeleka kwa kamati ya shule pamoja na hesabu zote mbili, na mama mmoja akasema moja likipata ufa Agosti, watoto watarudi kubeba madumu, na yakiwa mawili moja litaoshwa huku jingine lina maji. Kamati ikachagua mawili. Jioni ile nikafungua faili langu, nikaongeza mstari: kwa kila tangi, uliza litaoshwaje na likipasuka maji yatatoka wapi.