Kupokea vyeti kwa fomu ya mtandaoni bila kumlazimisha mwombaji kuingia kwenye akaunti

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba chama chenu kilitengeneza fomu ya Google kwa waombaji wa ufadhili wa masomo, kwamba fomu ilifunguka kwa kila mtu hadi mlipoongeza swali la kuambatisha vyeti, na kwamba tangu hapo waombaji wanakutana na ukurasa unaowataka waingie kwanza kwenye akaunti ya Google. Hakuna mlichobonyeza vibaya, na hakuna mahali kwenye mipangilio pa kuliondoa sharti hilo, kwa kuwa linakuja na swali lenyewe la kupakia faili. Mkiliondoa swali hilo, fomu itafunguka tena kwa yeyote mwenye kiungo. Msihamie Microsoft Forms kwa matumaini ya kupata nafuu, maana huko swali la faili linapatikana kwa akaunti za kazi au shule tu, na wanaojibu lazima wawe watu wa taasisi hiyohiyo.

Nimekuwa nikipokea maombi ya aina hii kwa niaba ya kamati ya ufadhili huku Mbeya, na nimeshuhudia kwamba sharti la akaunti huwaumiza hasa wale ambao ufadhili umekusudiwa wao. Kijana aliyemaliza kidato cha nne hutumia simu ya mama yake. Akaunti iliyomo ilifunguliwa na muuza simu siku ileile iliponunuliwa, na nywila yake hakuna anayeikumbuka. Basi huenda steshenari, vyeti vikaskaniwa, na mhudumu akamjazia fomu kwa akaunti ya steshenari, au kijana akaingia kwa akaunti yake kwenye kompyuta ya watu na kuondoka akiwa ameiacha wazi. Tumepokea maombi ya watu mbalimbali yenye anwani moja ya barua pepe, na tulipowaita kwenye usaili barua zetu zote zilimfikia mhudumu. Kwa hiyo hata ile faida inayodhaniwa kuwapo, yaani kumtambua aliyetuma, haipatikani.

Ninachopendekeza ni kuyatenganisha maandishi na faili. Fomu ya Google ibaki na maswali ya kuandika tu: jina, namba ya simu, shule na namba ya mtihani. Vyeti vipelekwe kwenye folda ya kupokelea, ambayo mtu anaweza kuweka faili ndani yake bila kuona za wenzake. Dropbox, ambayo ni hifadhi ya faili mtandaoni, ina huduma ya kuomba faili inayofanya hivyo hata kwa akaunti ya bure yenye hifadhi ya GB 2; mtumaji huulizwa jina na barua pepe, lakini halazimiki kuwa na akaunti. OneDrive za kazini na Nextcloud, ambazo pia ni hifadhi za mtandaoni, zina huduma inayofanana nayo. Kiungo cha folda kiwekeni kwenye ujumbe wa uthibitisho unaotokea mwombaji anapomaliza fomu, kwa sababu huo ndio wakati anaosoma kwa makini akitaka kujua kama maombi yake yamefika.

Kazi kubwa hapa ni kuoanisha faili na mwenyewe, na ninaomba mlitilie jambo hili uzito kuliko uchaguzi wa programu. Faili zitakuja na majina kama «scan0001.pdf» au «IMG-20240312-WA0007.jpg», yaani picha iliyopitia WhatsApp, ambayo mara nyingi imepungua ubora kiasi kwamba muhuri wa cheti hausomeki. Waelekezeni waombaji wabadilishe jina la faili liwe namba ya mtihani ikifuatiwa na aina ya cheti, na wakati huohuo waiandike namba hiyo mwanzoni mwa nafasi ya jina wanayojaza wanapotuma faili, ili anayeshindwa la kwanza asaidiwe na la pili. Namba ya mtihani huandikwa kwa mikwaju (/), nayo mikwaju haikubaliki kwenye jina la faili, kwa hiyo wapeni mfano wenye vistari: «S0000-0000-2023-cheti-cha-kuzaliwa.pdf». Mfano mmoja unaoonekana huzuia simu nyingi za kuuliza.

Kama kuna kijana anayejua kuandika programu kati yenu, Google Apps Script, yaani huduma ya Google ya kuandikia programu ndogo, inaweza kuwapa ukurasa mmoja wenye maswali na faili pamoja. Ukurasa huchapishwa uendeshwe kwa jina la mwenye akaunti na ufunguliwe na mtu yeyote, kisha faili huingia moja kwa moja kwenye Drive yenu. Waarifuni waombaji mapema kwamba juu ya ukurasa huo Google huweka tangazo la kusema haikuutengeneza yenyewe, maana wenye tahadhari huliona na kudhani ni matapeli. KoboToolbox, zana ya kukusanya taarifa kwa fomu, nayo inafaa kwa mashirika yasiyo ya kibiashara, mradi muwashe ruhusa ya kupokea majibu bila jina la mtumiaji na nywila.

Mkishaondoa akaunti, ulinzi unabaki mikononi mwenu. Pokeeni PDF na JPG tu, na msiamini herufi za mwisho wa jina, kwa sababu yeyote anaweza kuzibadilisha. PDF ya kweli huanza na alama «%PDF» ndani yake. Fungueni faili kwenye kivinjari kabla ya kuzipakua kwenye kompyuta ya ofisi. Pigeni hesabu ya nafasi pia: faili tano za MB 3 kwa kila mwombaji ni MB 15, kwa hiyo waombaji 1,000 wanamaliza GB 15 zote za akaunti ya bure ya Google, na ikijaa, hata Gmail ya akaunti hiyo huacha kupokea barua.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu moja kwa moja, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Msiombe nakala ya kitambulisho cha taifa (NIDA) kama namba ya mtihani inatosha, andikeni kwenye fomu tarehe mtakayofuta vyeti vya waliokosa, kisha mvifute kweli.

Mwisho, mwombaji asiye na akaunti huenda asiwe na nakala wala barua ya kumthibitishia. Mteueni mtu mmoja wa kulinganisha jedwali la majibu ya fomu na folda ya vyeti kila jioni na kumtumia kila mwombaji ujumbe mfupi wa simu wenye orodha ya vyeti vilivyofika na vilivyokosekana, siku kadhaa kabla ya dirisha kufungwa, ili mwenye upungufu apate muda wa kurudi steshenari.